Trela nayo ipewe jicho lake

Kwa muda mrefu sasa limekuwa likizungumzwa katika karakana zetu suala la kamera za nyuma, zile zinazomwonyesha dereva, katika kioo kidogo kilicho mbele yake, mambo yanayotukia nyuma ya gari. Magari madogo mengi yaingiayo Uganda siku hizi huja yamekwisha fungwa kamera hizo, wala hapana anayeshangaa tena. Lakini mara tu litajwapo suala la kuifunga kamera ya namna hiyo katika trela ya jeshi, maoni hugawanyika. Wako wakubwa wasemao kwamba hiyo ni anasa, na kwamba dereva aliyefunzwa vizuri hana haja ya kuonyeshwa picha. Wako na vijana wasemao kwamba kamera ikishafungwa, basi yule askari anayeteremka na kusimama nyuma kumwelekeza dereva kwa mikono hana kazi tena. Sisi hatukubaliani na upande wowote kati ya hizi mbili, na tungependa kuwaeleza ndugu zetu askari na polisi sababu zetu, kwa maana ni wao wanaokaa kwenye usukani, na ni wao pia wanaosimama nyuma trela inaporudi.

Raia wengi hudhani kwamba jeshi huenda kazini kwa bunduki na vifaru tu. Sisi tunajua kwamba jeshi huenda kwa trela. Maji ya kunywa huja katika tangi la kuvutwa, jiko la kikosi huvutwa, jenereta inayowasha taa za hospitali ya vitani huvutwa, mzinga huvutwa. Polisi nao hali kadhalika: magari mabovu yazibayo barabara huvutwa, na mashua za polisi wa majini hushushwa ziwani zikiwa juu ya trela, trela ikienda kinyumenyume hadi ndani ya maji, pahali palepale ambapo akina mama hufua na watoto huteka maji. Hakuna hata moja kati ya trela hizo isiyolazimika kurudi nyuma, nayo ikirudi, dereva haoni njia yake.

Na tueleze wazi kwa nini haoni. Vioo vya pembeni huonyesha ubavu wa trela na kipande cha ardhi kilicho kando yake. Nyuma ya mgongo wa trela hakuna kioo kinachofika. Trela ikianza kukunja, kioo cha upande mmoja hujaa bati la trela, na kile cha pili huonyesha uwanja mtupu usio na habari yoyote ya maana. Isitoshe, dereva anayetaka mkia wa trela uende kushoto hana budi kuuzungusha usukani kulia. Na trela fupi ya magurudumu mawili hugeuka upesi zaidi kuliko ndefu, hata dereva mkongwe wa trela ndefu huaibishwa na kitangi kidogo cha maji. Ile ambayo magurudumu yake ya mbele hugeuka pamoja na mkono wa kuvutia ndiyo ngumu kupita zote, kwani ina viungo viwili vinavyokunja badala ya kimoja. Dereva wetu huketi kulia, kwa hiyo pembe ya nyuma ya kushoto ndiyo iliyojificha zaidi. Askari wetu waliopelekwa Somalia tangu mwaka 2007, na waliovuka kuingia Kongo tangu mwisho wa mwaka 2021, wanajua jinsi akili inavyochoka mtu aendeshapo gari la usukani wa kulia katika nchi ambamo magari hupita upande wa kulia wa barabara. Huko, upande usioonekana vizuri ndio unaopitwa na magari ya watu.

Je, nyuma ya trela huwa kuna nani? Kambi zetu si makao ya askari peke yao. Wake zetu na watoto wetu wanaishi humo. Tangi la maji likiingia katika mtaa wa nyumba za askari, watoto hulikimbilia na jerikeni zao kabla halijasimama. Katika malango ya kambi hukaa wauza ndizi na wauza chapati. Barabarani mwendesha bodaboda hujipenyeza katika nafasi ambayo hata mbwa angeihofia. Na juu ya hao wote yuko askari mwenzetu, yule aliyetumwa kuelekeza. Tuliwahi kumtembelea hospitalini kijana mmoja aliyebanwa kati ya trela ya jenereta na ukuta wa ghala. Yeye ndiye aliyekuwa akielekeza. Dereva alimwona katika kioo, kisha hakumwona, akadhani amehamia upande wa pili. Mguu wake ulikatwa chini ya goti. Hakutuambia neno lolote la kumlaumu dereva, ambaye walikuwa wakila sahani moja. Alisema tu kwamba alipiga kelele, na injini ya lori ikazimeza kelele zake.

Tuseme basi kwa wale wakubwa wetu wanaoita jambo hili anasa: kijana yule hakuumizwa na ukosefu wa ujuzi. Aliumizwa na mahali pasipoonekana, na mahali pasipoonekana hapafunzwi katika chuo cha madereva, kwa sababu jicho la binadamu halipenyi bati.

Nchini Marekani, idara ya usalama barabarani ilikadiria katika mwaka 2014 kwamba magari madogo yanayorudi nyuma yalikuwa yakiua watu wapatao 210 kila mwaka na kujeruhi watu 15,000, na kwamba karibu theluthi moja ya waliokufa walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kutokana na hayo, tangu tarehe 1 Mei, 2018, kila gari jipya la uzito usiofika ratili 10,000, yaani kama kilo 4,500, halina budi kuwa na njia ya kumwonyesha dereva uwanja ulio nyuma yake, wenye upana wa futi 10 na urefu wa futi 20. Msomaji aangalie vizuri mpaka wa sheria hiyo. Malori makubwa hayamo. Trela hazimo. Hata taifa lenye mali nyingi namna ile limeyaacha magari mazito nje ya amri, kwa hiyo tusikae tukingoja trela zitoke viwandani zikiwa na macho. Anayeivuta ndiye atakayelazimika kuifunga.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Jambo la kwanza linalokosewa ni kudhani kwamba kamera iliyo mkiani mwa lori yatosha. Kamera hiyo ina faida yake, tena kubwa: dereva anapolirudisha lori kwenda kuifunga trela, huona ndoana na mkono wa trela vikikaribiana, na hapana haja ya askari kusimama kati ya vyuma hivyo viwili. Lakini trela ikishafungwa, kamera hiyo haioni kitu isipokuwa uso wa trela. Ni kama mtu aliyewekewa mkono mbele ya macho. Trela yataka kamera yake yenyewe, iliyofungwa katika mgongo wake.

Ifungwe juu, katikati, na kuinamishwa hata ukingo wa nyuma wa trela uonekane chini kabisa ya picha. Ukingo usipoonekana, dereva hana kitu cha kupimia. Isifungwe juu ya mlango wa nyuma unaoangushwa, kwa maana siku mlango utakapoachwa wazi kamera itakuwa ikitazama udongo. Trela bapa, isiyo na ukuta, itabidi ifungwe chini ya ubao, kati ya taa mbili za nyuma, ndani ya kikingio cha chuma. Huko italiwa na tope, na hilo halina dawa isipokuwa kitambaa. Lenzi za kamera hizi hutazama kwa upana sana, nazo zina tabia ya kukifanya kitu kionekane kiko mbali zaidi kuliko kilivyo. Kwa hiyo fundi asiridhike na kuona picha imetokea. Na asimamishe vigingi nyuma ya trela katika mita 1, mita 2 na mita 3, kisha atie alama kwenye kioo mahali vigingi vinapoonekana. Na achukue jerikeni ya lita 20, aiweke chini karibu na ukingo, katikati kwanza, kisha katika kila pembe. Jerikeni isipoonekana, mtoto aliyechuchumaa hataonekana. Kamera iinamishwe tena.

Liko jaribio jingine la dakika moja ambalo wengi hulipuuza. Askari asimame katika pembe ya nyuma ya kushoto ya trela na kuinua mkono. Akionekana upande wa kulia wa kioo, basi picha haijageuzwa, nayo ni hatari kuliko kutokuwa na picha kabisa, maana dereva atamkimbia mtu kwa kumwendea. Picha ya kurudia nyuma lazima iwe kama ya kioo cha kujitazamia, kushoto kubaki kushoto. Kamera nyingi zina waya au kitufe cha kugeuzia. Fundi asikiache kikisinzia.

Kuhusu umeme tutasema kwa urefu kidogo, kwa sababu tumeona vifaa vizuri vikiunguzwa katika siku ya kwanza. Malori ya jeshi kwa kawaida ni ya volti 24, na magari madogo ni ya volti 12. Kamera zinazouzwa madukani kwa ajili ya gari la kwenda sokoni hufa zikikutana na volti 24. Inunuliwe ile iliyoandikwa kwamba hupokea kuanzia volti 10 hadi 32, ili trela moja iweze kuvutwa leo na lori na kesho na gari dogo. Waya wa kurudishia umeme upitie katika plagi, usiachiwe chuma cha ndoana, ambacho grisi na kutu hukikatiza umeme kila kikitikisika. Fyuzi iwe karibu na chanzo. Tena fundi asidiriki kugusa nyaya za breki za trela akitafuta njia ya mkato. Afadhali trela isiyo na kamera kuliko trela isiyo na breki. Waya wa picha uwe na plagi yake, wa namna ya kujikunja kama chemchemi, na uwe na urefu wa kutosha lori likunje hadi mwisho bila kuukata, wala usiburuzike chini. Huko Karamoja, ambako udongo mweusi wakati wa mvua hushika kila kitu kama ulimbo, waya ulioburuzwa haumalizi wiki.

Wako wachuuzi watakaotuambia kwamba hayo yote ni usumbufu, tununue kamera zisizotumia waya, zinazopeleka picha hewani. Kwa mkulima anayevuta trela ya mahindi hatuna neno. Kwa jeshi tunalo. Picha ya hewani yaweza kuganda: dereva akaona uwanja mtupu uliokuwa mtupu sekunde tatu zilizopita, na sasa mtu amekwisha ingia. Vilevile bati na urefu wa trela huidhoofisha. Lakini zaidi ya hayo, chombo kinachorusha mawimbi ni chombo kinachojitangaza, na kikosi kilichoamriwa kunyamaza redioni hakiwezi kuwa na trela inayozungumza yenyewe. Mambo ni hayohayo kwa kamera zenye vitaa vya kuonea gizani. Vitaa hivyo hutoa mwanga ambao jicho tupu halioni, au huona wekundu hafifu tu. Lakini mwenye darubini ya usiku huuona kama taa iliyowashwa. Msafara umezima taa zote kwa nidhamu kubwa, na huku mgongo wa kila trela unang'aa mbele ya adui! Kamera ya jeshi haina budi kuwa na swichi ya kuzimia vitaa hivyo, na swichi hiyo iandikwe katika orodha ya mambo anayokagua kamanda wa msafara. Kioo cha dereva nacho kipunguzwe mwanga usiku, kisije kikampofusha.

Hata hivyo, yote tuliyoyataja fundi mzuri ataweza kuyatimiza. Jambo tunaloliogopa zaidi ni lingine. Trela ya jeshi ni yatima. Lori lina dereva wake, ambaye jina lake limeandikwa, ambaye hulipangusa asubuhi na kulionea wivu akilikuta mikononi mwa mwingine. Trela haina mtu. Leo imevutwa na lori hili, kesho na lile. Ikifunguliwa huachwa nyuma ya ghala, plagi yake ikiwa imelala mchangani, panya wakijipatia chakula katika nyaya zake. Taa zake za nyuma hufa moja baada ya nyingine na hapana anayejua zilikufa lini, kwa sababu kila dereva huapa kwamba alizikuta hivyo. Tukiifunga kamera katika mali ya namna hiyo bila kubadili desturi, baada ya miezi mitatu tutakuwa na lenzi iliyopakwa tope kavu na plagi iliyojaa kutu, na wale waliosema ni anasa watatuonyesha kidole.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Kila trela itakayofungwa kamera ipewe mwenyewe: askari mmoja, aliyeandikwa kwa jina katika kitabu cha trela hiyo, awe dereva au asiwe, ambaye ataulizwa. Yeye ndiye atakayefunika plagi na kuitundika mahali pake trela inapofunguliwa. Yeye ndiye atakayekuwa na kitambaa na chupa ya maji. Yeye ndiye atakayemwambia dereva, hata kama dereva amemzidi cheo, "Afande, picha haionekani, usirudi nyuma." Na plagi zifanane katika kikosi kizima, ili trela yoyote iweze kuonana na lori lolote. Kikosi chenye plagi za aina tatu kitaona picha siku ya gwaride tu.

Na vipi kuhusu yule mwelekezaji, ambaye vijana wanataka apumzishwe? Abaki. Kamera huona nyuma. Haioni waya wa umeme ulio juu ya jenereta, haioni ubavu unaokwaruza mti, haioni shimo lililofunikwa na majani, wala haisikii mtoto akilia. Lakini mahali pa kusimama pabadilike. Zamani alilazimika kusimama nyuma kabisa ya trela, kwa kuwa yeye alikuwa jicho la pekee. Sasa nyuma pana jicho la kioo, naye aweza kusimama pembeni, mbali na ukuta, upande wa dereva, mahali ambapo dereva anamwona katika kioo cha pembeni muda wote. Dereva akimkosa machoni kwa nukta moja, asimamishe. Picha ikizimika, asimamishe. Asiendelee kwa kutegemea kimoja ati kingine kimeharibika. Kama kijana yule tuliyemtaja angalipewa nafasi ya kusimama pembeni, leo angekuwa anatembea kwa miguu miwili.

Ndugu zetu wa polisi tunawaomba mambo mawili. Mkaguzi wa magari anapoikuta trela yenye kamera, iwe ya serikali au ya mfanyabiashara, asiipite kwa kuwa sheria haikumwamuru kuitazama. Aombe aonyeshwe picha. Kamera iliyokufa humdanganya dereva mgeni aliyepewa gari asubuhi ile. La pili, palipotokea ajali ya kurudi nyuma, kabla trela haijaondolewa, ichunguzwe hali ya lenzi, ya plagi na ya fyuzi, na iandikwe pamoja na vipimo vya barabara. Kamera nyingi za aina hii huonyesha tu, hazihifadhi. Kwa hiyo tope lililokuwa juu ya lenzi lenyewe ndilo ushahidi, nalo huoshwa na mvua ya kwanza. Zile chache zinazohifadhi picha, jeshi lazitazame kwa hadhari kabla ya kuziruhusu makambini, kwa maana zinachukua yote yaliyo nyuma ya trela, na nyuma ya trela mara nyingine kuna ghala la silaha.

Hatusemi kwamba trela zote zifungwe kwa siku moja. Mzinga waweza kungoja, kwani wenye kuuvuta ni kikosi kamili cha watu waliofunzwa pamoja, na hurudishwa nyuma katika uwanja usio na watoto. Zianze trela za maji na za jiko, ambazo kila siku huingia katikati ya watu wenye njaa na kiu, wanaozikimbilia badala ya kuzikimbia. Zifuate za mashua, kwa ajili ya wale akina mama wa ufukweni. Na kwa kuwa mvua za Machi hadi Mei ndizo zinazoleta tope linaloziba kila lenzi, ingefaa trela za kwanza zifungwe mwanzoni mwa mvua hizo, ili tujue mapema kama wale tuliowapa vitambaa wanavitumia.